Nilitoa warushaji wawili wa besiboli Doha nikapata mpigaji mmoja

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na sitayatia chumvi.

Kuna siku nilipaswa kusema hapana. Nahodha wa timu ya Wafilipino, waliokuwa wafanyakazi wa Doha kama sisi, alitaka warushaji wetu wawili, na badala yake atupe Barasa, Mkenya mwenzangu aliyekuwa akiwachezea. Barasa alikuwa mpigaji hatari. Mimi ndiye niliyekuwa kocha.

Nikakubali.

Kwa wasioujua mchezo: mrushaji anarusha mpira, mpigaji wa timu pinzani anaupiga kwa rungu na kutafuta alama. Halafu zamu inageuka, na hapo unahitaji mtu wa kuwazuia wao.

Sisi tulibaki na mrushaji mmoja, Wasswa.

Wasswa alikuwa Mganda, mbeba mizigo ya wageni kwenye hoteli moja mtaa wa West Bay. Mimi nilikuwa dereva hapohapo. Tulilala chumba kimoja, na nilipougua ndiye aliyenipikia uji.

Ijumaa tulitoka kanisani Mesaimeer, tukala wali ndani ya gari, kisha tukaenda kwenye kiwanja cha mchanga. Nikikumbuka sasa ni kama niliota. Vumbi jeupe limetanda, maghorofa ya mbali yanaelea bila miguu, na mpira wa Barasa unapanda, unapanda, mpaka sote tunasahau kukimbia.

"Hiyo kaitafuteni Bahrain!" vijana wetu waliwapigia kelele wapinzani.

Tulishinda wiki baada ya wiki. Wasswa alirusha kila mchezo, mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia wa kurushia ameulaza mapajani. Ijumaa iliyofuata nikampanga tena.

Ijumaa moja, tukiongoza kwa alama moja, akanijia.

"Mzee, leo nipumzishe. Mkono unaungua."

"Nani atarusha? Barasa?"

"Hata wewe rusha. Si mchezo tu?"

"Malizia hii, ndugu yangu. Jioni nitakukanda."

Akacheka kidogo. "Wewe unapenda mipira inayoruka. Anayeizuia humwoni."

Akarudi, akarusha mipira michache. Kisha mmoja ukamdondokea miguuni, naye akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeshikwa na usingizi.

Kiwiko hakikunyooka tena. Mbeba mizigo asiyeweza kuinua sanduku hana kazi hotelini, na mkataba wake ulipoisha hawakumpa mwingine. Nilimpeleka airport mwenyewe. Begi lake nilibeba mimi.

Nilichojifunza ni kwamba raha ya wapigaji wetu ilikuwa inatoka kwenye mwili wa mtu mmoja, na kazi ya kocha ilikuwa kuliona hilo mapema.

Mliowahi kuongoza timu, hata ya kazini, niambieni: mnamlindaje yule asiyeshangiliwa? Mkitaka kunigombeza, gombezeni tu, nitasoma yote.

Sasa nimezeeka, niko Kitale. Wasswa yuko Jinja, si mbali. Nimempigia simu miaka yote hii na hapokei. Nilipoteza rafiki wa kweli pekee niliyewahi kuwa naye, na sijapata mwingine.