Kadi Niliyoibandika Juu kwa Sababu ya Suruali

Nilaumuni tu, nimezoea. Kosa lilikuwa langu mimi, na nikawaachia vibarua walibebe.

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni moja ndogo huku upande wa Makindu. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe! Kazi yangu ilikuwa kuweka kadi kwenye mabehewa. Kadi ndiyo inayosema behewa linaenda wapi. Bila kadi, linakatwa kwenye treni na kuachwa kando mpaka mtu aulize.

Kila behewa lilikuwa na kibao chake cha kadi, chini kabisa, karibu na magurudumu. Kukifikia lazima uchuchumae kwenye grisi na vumbi.

Sasa siku moja msichana wangu, Mwende, akaja na baba yake, wanapeleka maembe Nairobi. Mimi na Mwende tulikuwa tumeshakubaliana, na mzee alikuwa ameniambia, "Maembe yangu yakifika salama, leta wazee wenu tuzungumze." Nami nimevaa suruali ya belibotomu nyeupe, mpya! Nichuchumae nayo mbele ya msichana? Thubutu!

Nikachukua gundi, nikabandika kadi juu kwenye ukuta wa behewa, kando ya mlango, nimesimama wima kama bwana mkubwa.

Mwende akauliza, "Mbona zile zingine ziko pale chini?"

"Hii ni spesheli," nikamwambia. Spesheli, Ngai!

Kumbe mzee alikuwa amesahau vikapu viwili. Vibarua wawili wakafungua mlango tena, na mlango wa behewa husukumwa kando, ukiteleza ukutani kwa nje. Ukaikwangua kadi yote. Mimi niko ofisini napangusa viatu. Treni ikaenda zake, na behewa likaachwa stesheni ya mbele, juani. Lilipopatikana, maembe yalikuwa uji.

Mzee alikuja ametulia, na hapo ndipo nilipoogopa. "Kijana, ilikuwaje?" Mwende amesimama nyuma yake, ananitazama machoni.

Nikasema, "Ni hawa vibarua, mzee. Waliing'oa." Haki ya Mungu, nilisema hivyo! Vibarua wote wawili wakafukuzwa kazi jioni hiyo.

Mwende akanifuata nje. "Nilikuona ukiibandika," akasema. "Na baba nilimwambia. Alitaka kusikia kama utasema mwenyewe. Maembe angekusamehe."

Wazee wetu hawakuenda kokote. Wale vibarua niliwatafuta baadaye. Mmoja alipokea pole yangu, mwingine akanifungia mlango, na sikumlaumu.

Nyinyi vijana mnaojipenda, ringeni mpaka mchoke, siwakatazi. Lakini ukikosea, sema! Huyo anayekuuliza huenda anajua kila kitu, na amekuja tu kuangalia kama wewe ni mtu wa kupewa binti yake.