Habari Imefika, Watu Bado

Mwezi uliopita nilipanda kwetu milimani nikiwa na msiba mdomoni. Mjomba, kaka wa mwisho aliyekuwa amembakia mama yangu, alifariki alfajiri huko Njombe. Binamu yangu alinipigia mimi kwanza, nikiwa Tanga, chai bado haijapoa kikombeni. Nikamwambia, "Tafadhali sana, mama asiambiwe na mtu kwa simu. Napanda mwenyewe." Akasema sawa, dada. Nikajifunga kanga, nikashika gari la Mombo. Mama anaishi peke yake upande wa Bumbuli, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu baba pembeni ya mashamba ya chai, na presha yake siku hizi si ya kuchezea. Nilikuwa na ombi moja tu njia nzima: nifike kabla ya habari.

Utaniuliza, wewe mtu mzima, na simu unayo mkononi, unakimbizana na nini? Ngoja nikueleze. Sisi tuliokulia kule tulifundishwa jinsi ya kupokea msiba, na aliyetufundisha hakuwa shehe wala padri. Alikuwa Mama wa Simu.

Enzi hizo simu yetu sote ilikuwa moja. Ilikaa katika chumba kidogo cha ofisi ya kiwanda cha chai, na ndani yake kulikuwa na swichibodi, ubao wenye matundu mengi na nyaya za kuchomeka, mmoja wa nyumba ya meneja, mmoja wa zahanati, mmoja wa misheni. Waya mmoja tu ulitoka nje, ukashuka na nguzo zake katikati ya msitu hadi Lushoto. Hapo kiwandani ndipo ulipoishia. Vijiji vya juu yetu havikuwa na kitu, na habari yao ilipanda kwa miguu.

Mama wa Simu alikuwa Msambaa wa palepale, mke wa mkulima wa kabichi, jirani yetu. Ukimkuta njiani alikuwa mpole, anakusalimia "Onga mshi" kwa sauti ya chini utadhani anamwamsha mtoto. Akivaa vile visikilizio masikioni, weee, alibadilika. "Lushoto! Lushoto! Umelala, mwenzangu? Nipe Tanga! Tanga, nimesema!" Alipiga kelele mpaka wapima majani kwenye mizani walicheka. Sisi watoto tukitoka shule tulikata bua la mpapai, tukalishika sikioni, tukapokezana kupiga kelele zake njia nzima. Mama akitusikia alitukemea, anasema huyo mnayemwigiza ndiye aliyeishika Njombe yake mkononi.

Maneno hayo hakuyasema kwa mzaha. Mama ni Mbena wa Njombe. Alikuja Usambara akimfuata baba kwenye kazi ya chai, kama walivyokuja wengine wengi kwenye zile kota za wafanyakazi: Wanyaturu, Wangoni, Waha, Waislamu na Wakristo, kila mtu na kwao mbali. Kuomba simu ya Njombe ilikuwa shughuli ya kutwa. Unafika asubuhi, unakaa kwenye benchi, unangoja. Lushoto ampate Tanga, Tanga ampate Dar, Dar atafute njia ya kusini, na hapo uombe kila mmoja awe kitini kwake na mti usiwe umeangukia waya. Masika ukungu ukishuka na upepo ukivuma, tulikaa hata wiki nzima bila laini. Ikipatikana, sauti ya ndugu yako inakuja kwa mbali na kukatika, na wewe unapiga kelele kusema "Hatujambo!" na machozi yanakutoka kwa sababu tu umemsikia.

Sasa, kwa kuwa kila neno lilipita masikioni mwake, Mama wa Simu ndiye aliyejua misiba yetu kabla yetu. Na hakuisema. Mtu wa Singida akipiga kusema fulani amefiwa, hakumwita fulani. Alivua visikilizio, akafunga kanga yake vizuri, akamwachia karani kiti, akaenda. Haendi kwa mfiwa. Anakwenda kwa jirani wa mfiwa, kisha kwa mzee wa watu wa kwao pale kota, na kama ni mtu wa kanisa anakwenda kwa mwalimu wa dini. Baada ya hapo utaona kina mama wanaingia uani kwa mfiwa, huyu na ndoo ya maji, yule na mzigo wa kuni, wanasema "Tumepita tu kusalimia." Wanakaa. Mtu analishwa. Uani pakishajaa, ndipo mzee anavuta kigoda na kumwambia kwa lugha ya kwao. Mama wa Simu alikuwa na msemo wake: mtu hapewi msiba na njaa.

Na mfiwa naye alikuwa na adabu yake. Hata angeona ndoo zinaingia na moyo umeshamwambia, hakulia mpaka aambiwe. Kulia kabla ulikuwa uchuro, unamchuria ndugu yako kifo ambacho huenda hakijamfika.

Kuna fundi mwashi mmoja, jirani yetu wa kota ya pili, alijifunza hilo kwa aibu. Siku moja alirudi kazini akawakuta kina mama wanaingia kwake na maji na kuni. Ana kaka mgonjwa Korogwe. Bwana yule hakuuliza. Alitupa mwiko wake, akajibwaga chini, akaanza kumlilia kaka kwa jina, na sifa zake, na deni la ndugu kwa ndugu, kila kitu. Kumbe mkewe amejifungua mchana, na wale wamekuja kumwosha mzazi! Kaka mwenyewe alipopata nafuu alikuja kumsalimia mtoto, akakuta kota nzima inamwita Marehemu. Tulicheka masika yote. Lakini wazee hawakucheka, walimchinjisha mwashi kuku, kuondoa uchuro.

Mwaka ambao bibi yetu wa Njombe aliugua ndio naukumbuka kuliko yote. Nilikuwa darasa la tatu, nadhani. Ilikuja simu kwamba bibi amelazwa, na tangu siku hiyo mama alipotoka kuchuma chai alipita ofisini, kikapu mgongoni na majani yamemganda kwenye sketi. Nauli ya kufika Njombe haikuwepo, na baba alikuwa amesema tungoje mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mama alichokuwa nacho ni lile dirisha la chumba cha simu. Mimi nilimsubiri hapo nikitoka shule ili nirudi naye. Anasimama, anauliza, "Njombe wamesema?" Mama wa Simu anatikisa kichwa, "Bado, dada." Tunakwenda nyumbani. Usiku namsikia mama anaomba Mungu amwachie mama yake mpaka amwone.

Basi siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, mvua nyembamba ya kule isiyo na haraka. Mama akauliza kama kawaida. Mama wa Simu akasema, bila kumtazama, "Laini imekatika, dada. Mti umeanguka huko Soni. Nenda ukapike, watoto wana njaa." Mama akashukuru. Tukapanda kilima. Njiani aliniimbia, sijui kwa nini, labda kwa sababu siku isiyo na laini ni siku isiyo na habari mbaya.

Alipika makande. Nakumbuka harufu ya kuni mbichi na mahindi, na mama akinipuliza jicho lililoingia moshi. Tukala. Alipokuwa anakusanya masufuria, jirani mmoja akaingia na maji. Kisha mwingine na kuni. Kisha Mama wa Simu mwenyewe, mikono mitupu, akakaa kwenye mkeka karibu na mama, goti kwa goti. Sikuwahi kumwona akikaa kwetu chini. Mama akaendelea kukusanya masufuria yaliyokwisha kukusanywa. Hakuna aliyemzuia. Ukumbi ulipojaa, na baba amesimama mlangoni na koti lake la mvua, mzee wa watu wa Njombe akavuta kigoda akamwambia kwa Kibena. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alipolia, mikono iliyomdaka ilikuwa mingi kiasi kwamba hakuanguka.

Baada ya matanga mama alimwuliza Mama wa Simu mbele yangu, tena kwa uchungu, "Kwa nini ulinidanganya dirishani? Ulikuwa unajua."

Yule mama hakujitetea sana. Alisema, "Habari ilikuwa imefika, dada. Watu walikuwa bado."

Nilidhani ule ulikuwa ujanja wa maneno wa watu wazima. Leo nina wajukuu na sijasikia neno lililonitosha kuliko hilo.

Swichibodi ile iling'olewa zamani. Nguzo zilioza, nyingine watu wakazichanja kuni. Minara ikaja, mmoja kila kilele, na sikufichi, tulishangilia. Mama alinunuliwa simu na mjukuu, akajifunza kufungua picha, akaingizwa kwenye kundi la ukoo. Anawasikia wa Njombe kila siku bila kukaa benchi. Nani atalalamika? Mimi mwenyewe nisingeweza kuishi bila hicho kidude. Lakini siku hiyo nikipanda kutoka Mombo, kona baada ya kona, nilitazama ile alama ya mtandao imesimama imejaa, nikaomba ikatike. Niliomba mti uanguke, jamani. Nikiwa Soni nabadili gari, simu ikanguruma pajani. Kundi la ukoo sikuwa nimelifungua tangu asubuhi; kumbe kijana mmoja wa Makambako ameweka picha ya mjomba na mshumaa tangu jua linatoka, na chini yake pole zinamiminika. Nikapiga kwa mama mara ile ile. Hakupokea.

Nilipofika sikwenda kwake moja kwa moja. Nilifanya nilivyoona ikifanywa zamani, nikaenda kwanza kwa majirani. Nyumba ya kwanza imefungwa, wako shamba. Ya pili wamehamia Dar. Ya tatu, ambayo uzio wake umeshikana na wa mama, nikamkuta binti mmoja mzuri tu, ana adabu zake, amenipigia magoti kwa shikamoo. Nikamwambia nimekuja na msiba, tafadhali tuingie wote kwa mama. Akasema, "Ah, poleni sana, shangazi. Nimeona asubuhi, picha imesambaa. Nimeshamtumia pole."

"Umeingia kwake?"

"Sijaingia. Nimemtumia."

Sikumlaumu. Angejulia wapi? Hakuna aliyemkalisha chini kumwonyesha. Nilimwomba anifuate akimaliza kazi yake, nikazunguka uzio peke yangu.

Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga ya mnafu. Simu iko juu ya ndoo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Tanga, za watoto, za barabara. Sauti yake kavu. Akanipakulia ugali, nikala kwa shida, naye akala matonge mawili matatu, ananitazama tu. Nikawa nazunguka maneno: mvua za mwaka huu, bei ya mapea, goti langu. Nilikuwa natafuta kama amesoma au hajasoma, na uso wake haukunipa kitu. Nikajipa moyo kwamba labda hakuifungua simu, labda Mungu amenisikia pale Mombo.

Mama akasukuma mnafu pembeni, akajifuta mikono kwa kanga.

"Nimeona mshumaa," akasema. "Nimeona tangu jua linatoka. Wamenipa pole wengi sana, wengine siwajui. Nimezisoma zote." Akanitazama. "Nimechota maji mwenyewe. Nimefagia. Nimekaa hapa nangoja mtu aje, kwa sababu nitaliaje na sijaambiwa?"

Niliona aibu, nikaona hasira, sijui hata kwa nani. Tangu jua linatoka, bibi wa watu amekaa na kifo cha ndugu yake ndani ya nyumba, amekifungia kifuani kwa adabu, na pole zinaingia moja baada ya nyingine.

"Sema, mwanangu," akasema. "Niambie."

Nikashuka chini sakafuni, goti kwa goti, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia kwa Kibena changu kibovu, taratibu, jina la kaka yake, na kwamba amelala alfajiri, na kwamba mkewe alikuwa pembeni yake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akalia.