Oili ya Shukrani

Siku hizi gari likikohoa tu, kijana hulichomekea kompyuta na kukuambia ununue giaboksi nyingine. Zamani, pale mtaani Jericho, fundi Bedan Gachanja aliuliza kwanza gari limelishwa nini.

Gordon Adoyo, karani wa reli, alikuwa na gari kuukuu la otomatiki. Mwaka wa themanini na moja giaboksi ilianza kuteleza: akikanyaga mafuta injini inapiga kelele, lakini gari linajikokota kama ng'ombe aliyenusa kichinjio. Gereji moja ya mjini ikakata shauri kwamba giaboksi imekufa. Naye mkewe, Kezia, alikuwa karibu kujifungua, na mtoto wao wa kwanza, Atieno, alikuwa amewafia wakingojea ambulensi. Gordon hakulala vizuri tena.

Alilikokota gari hadi kiwanja cha Bedan nyuma ya soko, ambako Wacuka, mkewe fundi, aliyezoeleka kama Mama Warigia, aliuza uji.

"Mjini wamesema nitafute giaboksi nyingine."

"Walipima oili yake?"

"Walilizungusha kidogo tu."

"Basi wanazika mtu kabla ya kumshika mkono waone kama ana joto."

Bedan alilisimamisha mahali tambarare, akaacha injini ingurume mpaka ikapata moto, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia. Aliinusa oili, akaipaka kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa bado nyekundu, haina weusi wala harufu ya kuungua. Lakini ilijaa povu, tena ilipita alama kwa mbali.

"Baba Atieno, nani humwaga oili humu?"

Gordon alijikuna kisogo. Kila mgonjwa au mama mwenye uchungu aliyempeleka hospitalini, hakumtoza kitu. Siku moja alimwambia jirani yake Patrobas kwamba gari hilo huomba oili nyekundu tu. Tangu hapo kila aliyebebwa alikuja na mkebe, na kwa adabu ya mtaa ule zawadi ilimwagwa mtoaji akiona. Kuiweka kando ilikuwa kama kusema haitoshi.

Wacuka aliacha upawa akacheka. "Kumbe gari limevimbiwa shukrani."

"Ikizidi, vyuma huipiga ikawa povu," Bedan alisema akiingia uvunguni, "na povu halisukumi kitu."

Alipunguza oili mpaka kwenye alama, akangoja povu litulie. Gordon alipotia gia, gari liliuma barabara mara moja, mbele na nyuma.

"Mtu akileta tena, mwaga humu kifuniko kimoja tu mbele ya macho yake. Mkebe mletee Mama Warigia auweke chini ya meza ya uji."

Gari hilo ndilo lililomfikisha Kezia hospitalini alfajiri moja ya mvua, na mtoto akalia kwa sauti. Leo majirani wamejengeana kuta, na anayeugua huita teksi ya mtu asiyemjua.

Miaka michache baada ya mtoto huyo kuzaliwa, Bedan na Wacuka walirudi kwao Kinangop. Gordon aliwapeleka stendi ya basi kwa gari lile lile. Walipofika, Wacuka alitoa mkebe mdogo chini ya shuka lake.

"Fungua boneti, Baba Atieno. Hata sisi tumebebwa."

Gordon alimwaga kifuniko kimoja, polepole, wote wawili wakimtazama. Kisha wakapanda basi, na hiyo ndiyo mara ya mwisho alipowaona.