Mtu Niliyemfunga Sataranji Tinde

Msiniambie niliota. Nilikuwa macho, mtoto mgongoni, hasira zimenifika kooni. Na anayeota haungui na jua la saa kumi.

Ilikuwa Tinde, miaka ile ya foleni za sukari. Mume wangu alikwenda Geita kuchimba dhahabu, miezi minne hakuna hata barua. Watu wakasema ameoa huko. Basi nikamfuata, nikamtukane mbele ya huyo mwanamke wake. Nikawa nangoja lori kwenye baraza la duka la Mhindi lililofungwa.

Barazani alikaa kijana, vumbi jekundu hadi kwenye kope, sataranji mbele yake.

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

Hiyo ni salamu ya asubuhi! Saa kumi Msukuma husema mwadila, hata mtoto anajua. Na jina la mwanangu kalitoa wapi?

"Kumekucha kwako tu," nikamjibu. "Unanijuaje?"

"Nilichimba na mumeo. Ukinifunga nakwambia alipo. Nikikufunga, rudi kwenu."

Jeuri gani hiyo? Wewe ungekubali? Mimi nilikubali. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha sataranji sekondari. Nikachukua nyeupe. Sikuanza katikati, nilisukuma askari wa kando, nikamficha askofu pembeni, akalenga kwa mbali. Yeye akarundika watu wake katikati.

"Mbona unazungukazunguka? Unaogopa, mama?"

"Cheza, wewe."

Niamini, kila kete yake niliyoila ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Katikati pake pakabomoka, mfalme akakosa pa kukimbilia.

Hakukasirika. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Shimo letu nalo lilibomoka hivyo, asubuhi. Walitutafuta katikati wakachoka. Waambie wachimbe ubavuni, upande wa mto."

Mtoto akalia, nikageuka kumtuliza. Kurudisha macho, baraza tupu.

Nilikwenda. Huko machimboni hakuna aliyejua makwao wale waliofukiwa, ndiyo maana sikupelekewa habari. Wachimbaji walinicheka, hadi mmoja akachukua sururu. Ubavuni walikuwamo wawili. Yule kijana, na mume wangu.

Hakuwa ameoa. Miezi minne nilimlaani mtu aliye chini ya udongo, na mpaka leo nikiwasha jiko maneno yale yananirudia mdomoni, moja moja.

Wewe ambaye mwenzio yuko kimya, usianze na matusi. Ulizia kwanza kama yu hai.