Punda Aliyesimama Kila Mlango

Mwanamke aliyeuza maziwa nyuma ya stesheni ya reli alikuwa na punda mmoja. Mumewe, fundi baiskeli, alimpachika jina la Bwana Afya, kwa sababu hakupita mlango bila kuukagua. Kila asubuhi alivuta mkokoteni wa maziwa, akasimama mlangoni kwa mteja wa kwanza, akangoja. Mama akishapima, aligonga kifuniko cha debe, na Bwana Afya akasogea mlango wa pili. Fimbo haikuhitajika. Fundi alisema wazi kwamba mwenye biashara ni punda, mkewe ni karani wake tu.

Vita vilipozuka, askari walianza kwa magari. Mafuta yalipokwisha, ikaja zamu ya punda. Askari walimchukua Bwana Afya pamoja na mkokoteni wake, kifuniko cha debe kikiwa bado ndani. Mama alikwenda kambini asubuhi, akaambiwa arudi mchana. Mchana akaambiwa mkubwa amekwenda kula. Alipompata, alikuwa koplo mwenye sauti ya kukwaruza, naye akamwambia punda sasa ni askari, na askari haombewi ruhusa na mama yake. Wenzake wakacheka. Mama akarudi nyumbani, hasira zote akammwagia mumewe, ambaye hakuwa amekosa lolote.

Kesho yake msafara wa risasi ukapita mtaani kwao kuelekea darajani, Bwana Afya mbele. Alipofika kwa mteja wa kwanza, akasimama. Njia ilikuwa nyembamba, mikokoteni yote ikakwama nyuma yake. Askari wakamvuta, wakamsukuma, wakamtukana yeye na ukoo wake. Wapi!

Fundi alimvuta mkewe pembeni, akamnong'oneza, "Kaa kimya hivyo hivyo, mama watoto. Watamrudisha wenyewe."

Na kweli, koplo alikuwa ameanza kulalamika kwamba huyu hafai, afunguliwe, aletwe mwingine. Lakini askari mmoja hakutaka kushindwa na punda. Akachukua ufito, akaanza kumchapa miguuni. Bwana Afya hakulia. Aligeuza masikio tu, huku na huku, akitafuta mlio alioujua.

Mama alijikaza. Aliuma mtandio wake, akatazama chini, akatazama juu. Ufito ulipochana ngozi, alinyakua kifuniko cha sufuria kibarazani kwa jirani, akakigonga ukutani.

Punda akasogea. Mlango wa pili, akasimama tena.

Koplo alimtazama punda, kisha mama. "Kumbe," alisema. "Lete hicho."

"Si changu, ni cha jirani."

"Lete."

Basi msafara ukamaliza mtaa mlango kwa mlango, koplo akigonga kifuniko kama muuza karanga. Milango ilipokwisha, Bwana Afya akaendelea mwenyewe kuelekea darajani. Mama alimfuata hadi kwenye kizuizi, askari wakamrudisha yeye nyumbani.

"Ungevumilia kidogo tu," fundi alimwambia.

"Wewe uliweza kwa sababu ulikuwa umefumba macho. Nilikuona."

Bwana Afya hakurudi, wala hakuna aliyejua wa kumuuliza habari zake.

Asubuhi iliyofuata mama alibeba debe kichwani, shingo ikimuuma. Jirani alimpokea mlangoni, mikono kiunoni, akataka kujua kwa nini maziwa yamechelewa, na kifuniko chake kitarudi lini.

Mama akamwambia akamuulize koplo, akapima maziwa, akalibeba debe wazi, bila kifuniko cha kugonga, hadi mlango wa pili.