Fundi Lukresia na Chumba Kilichofungwa Ndani ya Kadi

Saa tatu asubuhi, upepo wa Bariadi unapita mtaani ukibeba vumbi na nyuzi za pamba, na Lukresia Magese ameziba pua kwa kiganja asije akapiga chafya. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, kuna kadi ya memori ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Chafya moja tu, anasema, na kadi hiyo itatafutwa hadi Lamadi.

Anaishika kwa kibanio cha kung'olea nyusi. Anasugua meno ya kadi, yale ya rangi ya dhahabu, kwa kifutio cha penseli, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Kisha anaichomeka kwenye kompyuta.

"Giga moja," anasema. "Na mgongoni imeandikwa kumi na sita. Kumi na tano zimekwenda wapi, mayu?"

Mwenye kadi, Ng'washi Limbu, mama wa makamo, mayu kwa Kisukuma, aliyetoka Lagangabilili asubuhi hiyo, anainamia meza. "Si ndiyo nimekuja kukuuliza wewe, mwanangu?"

Lukresia ana miaka arobaini na moja. Meza yake ipo barazani kwa duka la vitenge, na kwa miaka tisa ameishi kwa kutengeneza simu na kadi. Alianza kwa kuuza vocha. Kompyuta yake ya kwanza aliinunua ikiwa haina kitufe cha herufi M, hivyo kila alipotaka kuandika "memori" alidunga tundu lile kwa sindano ya kushonea. Kwa kadi moja hutoza shilingi elfu mbili. Siku ya mnada anaweza kufikisha elfu kumi na tano, na hizo ndizo zinazosomesha watoto wake wawili.

Sifa zake zimemtangulia. Paschal, fundi saa wa meza ya pili, anaapa kwamba Lukresia aliwahi kufufua kadi iliyomezwa na kuku. Kuku akachinjwa, akapikwa, akaliwa, na mfupa wa mwisho ulipotemwa kadi ilikuwa bado ina nyimbo zote.

"Muongo huyo," anacheka Lukresia. "Kuku alikuwepo kweli. Ila aliidonoa tu."

"Mchuzi niliunywa mimi," anasisitiza Paschal. "Nilisikia ngoma tumboni siku mbili."

Kazi yenyewe, anaeleza Lukresia, ni rahisi. Kadi ni kama nyumba. Mtu akijenga ukuta katikati, simu na redio nyingi huingia chumba cha kwanza na kudhani nyumba imeishia hapo. Fundi hubomoa kuta zote kwa kompyuta, akajenga chumba kimoja kikubwa, akafomati, yaani akakiandaa upya kikiwa kitupu. Dakika mbili. Nafasi inarudi yote, ingawa kadi ya kumi na sita itasoma kumi na nne na kitu, kwa kuwa kompyuta ina hesabu zake. "Kuna mzee alidhani nimezikata kidogo nikala," anasema.

Lakini kilichomo ndani kinatoweka machoni pamoja na kuta. Ndiyo maana Lukresia habomoi kabla ya kuuliza swali moja, na leo anamuuliza Ng'washi.

"Mayu, hii kadi alikuwa anaitumia nani kabla yako?"

Ng'washi anashika ncha ya kitenge chake. "Ilikuwa yetu wote. Mimi na marehemu."

Hadithi inatoka polepole. Mume wake, Mihayo, alikuwa mtu wa ng'ombe na ngoma. Ng'washi ni wa kwaya. Redio nyumbani ilikuwa moja, kadi moja, na kila jioni ugomvi ulikuwa mmoja. Basi Mihayo akampelekea kadi fundi fulani mpita njia, akamwambia aigawe kama shamba la urithi: kipande cha mke, kipande cha mume.

"Akanigawia giga moja ya kwaya," anasema Ng'washi. "Yeye akachukua kumi na tano. Eti ng'ombe wanahitaji malisho."

Fundi akagawa, akamwekea kila mmoja vitu vyake, akapokea chake, akaondoka. Mihayo akarudi nyumbani, akachomeka kadi redioni kwa madaha, akakaa kusubiri ngoma. Ikaimba kwaya. Akazima, akawasha. Kwaya. Redio ilikuwa inaingia chumba cha kwanza tu, na cha kwanza kilikuwa cha mke.

"Nilimcheka, mwanangu. Wiki nzima nilimcheka. Akasema vitu vyake vimeoza, basi, akanyamaza." Anatazama mikono yake. "Mwaka jana mwezi wa tisa akafariki. Mimi nilitaka tu nafasi ya kuweka video za kwaya yetu. Kama vimeoza, futa."

Lukresia hafuti. Anafungua programu inayoonyesha kuta za kadi. Chumba cha pili kipo. Anapojaribu kukifungua, kompyuta inamletea swali ambalo watu wengi hulijibu haraka: kadi hii inatakiwa kufomatiwa, je, ifomatiwe?

"Hapo ndipo watu wanapobonyeza ndiyo," anasema kwa sauti ya chini, "wakaua."

Naye aliwahi kubonyeza. Miaka miwili iliyopita alikuja Constantine, baba mmoja wa Nyalikungu, na kadi iliyopungua kama hii. Lukresia alibomoa bila kuuliza, akamrudishia ikiwa na giga zake zote. Yule baba akatafuta video ya binti yake aliyefariki akiwa na miaka sita. Haikuwepo. "Hakunigombeza. Alisema asante, akalipa. Angenigombeza ningepata usingizi."

Anabonyeza hapana. Anaita programu nyingine, ile inayosoma chumba kwa kupapasa sakafu yake, na kwa dakika arobaini mstari wa kijani unatambaa. Paschal ameacha saa zake. Ng'washi hajagusa chai aliyonunuliwa.

Mafaili yanajitokeza. Ngoma, ngoma, ngoma. Halafu sauti alizorekodi Mihayo mwenyewe machungani kwa simu, kabla kadi haijagawanywa. Lukresia anayanakili yote kwenye kompyuta kwanza, pamoja na kwaya ya chumba cha kwanza, kisha anafungua moja.

Mluzi. Kengele ya ng'ombe. Halafu mwanamume anaimba peke yake, besi nzito iliyopotea njia mara tatu katika ubeti mmoja.

Ng'washi anaweka mkono mdomoni. "Huo wimbo ni wetu. Wa kwaya yetu. Yeye alikuwa anasema unamtia usingizi!"

Sauti inarudia ubeti, safari hii inakaribia kupatia. Ng'ombe analia. Mihayo anacheka, kisha anamkaripia ng'ombe huyo kwa upole: "Wewe Hakimu, umesikia mwenyewe. Usimwambie mama Elina."

Mama Elina ndiye huyu aliyekaa barazani, anayecheka na kulia kwa wakati mmoja, akimwomba Lukresia arudie. Anarudia mara nne.

Baada ya hapo ndipo Lukresia anapouliza: "Nibomoe sasa?"

"Bomoa. Tuweke chumba kimoja."

Kuta zinaanguka. Kadi inasoma kumi na nne na kitu. Kwaya inaingia, ngoma inaingia, na Mihayo anaingia na besi yake. Ng'washi anaifunga kadi kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili.

Jumapili hii Lukresia hatafungua meza. Tangu siku ile ya Constantine amejifunza jambo ambalo wakati huo hakulijua: kubomoa kuta hakuondoi vitu papo hapo. Kama hakuna kipya kilichowekwa juu yake, vinaweza kupapaswa na kupatikana. Namba ya simu ya yule baba haipatikani tena, lakini aliwahi kutaja kwamba anaishi nyuma ya mashine ya kusaga.

Atapanda gari la Maswa, linalofika Nyalikungu, asubuhi, na kompyuta yake mapajani.

"Nitauliza mashine zote za Nyalikungu," anasema, akikunja kitambaa chake cheupe. "Naomba Mungu jambo moja tu. Awe hajaweka hata wimbo mmoja."