Wimbo wa Jiko Lisilo na Moshi

Majina ya wote waliokuja na kuni siku ile ninayo kichwani, lakini siyaandiki. Wajukuu wao wapo, watasema bibi anatutangaza.

Mume wangu alikuwa mpiga ligombo, kile chombo cha Wahehe chenye nyuzi na kibuyu. Tulikuwa tumehama Igowole kwenye baridi, tukaja Rujewa kulima mpunga. Miaka hiyo ya sabini watu wa redio walifika Mbeya mjini na mashine yao ya kurekodi, akaenda, wakazichukua nyimbo zake. Zilikuwa za kuchekesha. Mmoja ulikuwa wa fahali aliyekataa kuvuka mto mpaka aombwe radhi. Huo tuliupepetea mpunga, ungo ukipanda na kushuka nao.

Waliporudi mara ya pili akawapa nyimbo nyingine, nzito, za polepole. Hata mimi nilikuwa sijazisikia; alizitunga peke yake shambani akifukuza ndege. Tulizisikia pamoja na majirani, redio tumeiweka juu ya kinu tulichokipindua. Uliowashika watu ulikuwa huu: "Mama, nimefika kwako, jiko halina moshi." Ni hayo tu, yanarudi na kurudi, na uzi mmoja unalia chini yake.

Ulipoisha, jirani yangu mmoja, mpepetaji hodari, akasema, "Shemeji, ule wa fahali tulipepetea. Huu tuufanyie kazi gani?"

"Hauna kazi," mume wangu akasema.

"Wimbo usio na kazi! Makubwa."

"Ameshiba wali huyu," mzee mmoja akadakia. "Sasa anatafuta huzuni."

Kesho yake asubuhi nafagia uwanja, naona watu wanakuja kimya, wanawake wamejitwika kuni na mchele. Wimbo ulikuwa umezunguka mtaani, na wao wameuelewa kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeuelewa: jiko halina moshi, basi mama amefariki.

"Poleni na msiba."

"Hakuna msiba jamani."

"Ndiyo, mwanzoni mtu haamini," wakanibembeleza, wakatua kuni zao.

Tulipowaelewesha wakaondoka wanacheka, ila kuni na mchele wakakataa kurudi navyo. Eti cha msiba kikishatuliwa hakirudishwi. Mume wangu hakucheka. "Mama kule Igowole jirani yake ana redio," akaniambia. "Akisikia nimemlilia angali hai, ni kama nimemwapiza. Akikasirika nakata nyuzi, sipigi tena mpaka nakufa." Akalitundika ligombo darini.

Siku ya tatu mama mkwe akashuka kwenye basi na kikapu cha viazi.

"Kamwene," nikamsalimia kwa magoti. Hakuitikia. Alikuwa anatazama kuni.

"Nani amefiwa hapa?"

Nikainama.

"Nakuuliza, mwanangu. Kuni za nani hizi?"

"Ni zako, mama."

Akazizunguka. Akachukua moja, akaigonga kwenye nyingine. "Kavu," akasema. "Kumbe wananipenda." Kisha akamwita mwanawe. "Lishushe hilo dude."

"Mama, mimi sikukusudia..."

"Sijakuuliza ulikusudia nini. Nilisikia kipande tu, jirani aliponiona naingia akazima redio. Nimepanda basi ili nijue unaishaje."

Akalishusha, akapiga. Mama akasikiliza hadi mwisho, ameshika kidevu.

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Nilipokuja kukusalimia mwaka juzi. Alfajiri, ukungu umejaa, jiko baridi. Nikakaa mlangoni. Niliogopa kukuita."

"Si nilikuwa bondeni nachimba viazi! Hukuniona narudi na kikapu?"

"Nilikuona."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini, mama?"

Mimi mdomo ukaniwasha. "Basi aongeze kwamba ulirudi na viazi, watu wasikosee tena."

Akanitazama kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai. "Ukiongeza viazi watacheka. Na yeye pale mlangoni alikuwa bado hajaviona. Uache hivyo hivyo."

Mchana akaamuru tupike mchele wote wa msiba, kwa kuni zile zile, na majirani waitwe. Wakaja, wakakaa mbele ya marehemu wao. Yule jirani yangu akauliza, "Sasa mama, tulie au tucheke?"

"Kuleni kwanza. Halafu msikilize."

Mume wangu akaimba. Safari hii hakuna aliyeuliza kazi yake. Mimi nilikuwa nachungulia uso mmoja mmoja, maana nilitaka sana kujua unamwingiaje kila mtu. Nilipofika kwa mama mkwe nikamkuta anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Moshi huu," akaniambia.

Kuni zilikuwa kavu. Alizigonga mwenyewe.